Ngazi ya Kuku Pale Konani

Jina la Mama Spana halikutoka kwa mtu aliyempenda. Lilitungwa na wanawake wenzake kule kisimani, mwaka ule alioanza kuonekana na grisi kwenye kucha, nalo lilikuwa na wembe ndani yake: mwanamke gani huyu, kaburi la mumewe halijaota hata majani, yeye keshakikalia kigoda chake? Lakini jina la kejeli likiitwa asubuhi na jioni hulainika kama kiatu. Mwishowe hata wakwe zake walilitumia, naye akaliitika bila kununa.

Tena kazi yenyewe hakuianza mwaka huo. Tangu alipoolewa alikuwa akimshikia mumewe vifaa. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Alichuchumaa mbele ya baiskeli iliyopinduliwa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na mkewe akatia kiganjani spana inayotakiwa. Akitia isiyotakiwa, mkono ulibaki palepale, wazi, ukingoja. Mtu akifundishwa namna hiyo miaka yote hiyo, atashindwaje?

Kibanda chao kilikuwa ubavuni mwa nyumba, na nyumba ilikuwa chini ya barabara, pale kwenye kona. Watu wengine wote wa kijiji walijenga upande wa juu. Chini kulikuwa na kisima na mashamba, na njia ya kwenda huko ilivuka barabara, ikapita mbele ya dirisha la fundi, ikateremka bondeni. Ndiyo maana fundi alijenga hapo, ingawa baba yake alimgombeza kwa kujitenga na wenzake. "Baba, kila mwenye baiskeli atapita mlangoni kwangu," alimjibu. Hapo alisema kweli. Hakufikiria tu kwamba na wasio na baiskeli nao wangepita.

Lori lililomuua lilibeba mchanga. Lilishindwa kona mchana kweupe, yeye akiwa ameipa barabara mgongo, anajaza upepo tairi la mwalimu. Mama Spana alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Alichokikumbuka zaidi maisha yake yote si kishindo. Ni kwamba alipozunguka nyumba, mkono wa fundi ulikuwa umetokeza kwenye mchanga, kiganja wazi, namna ileile ya kuomba spana.

Tangu hapo hakukuwa na mkutano wa kijiji ambao hakusimama. Mikutano ilifanyika kwenye darasa la shule, watu wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto, na kila mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, mkono wake ulikuwa juu. "Pale konani viwekwe vyuma." Akaketi. Wenyeviti walipita, yeye hakupita. Vijana walizoea kumwigiza njiani, mmoja anauliza kwa sauti nzito, "Mengineyo?" na wenzake wanaitikia, "Vyuma!"

Basi siku moja vyuma vikaja. Kwanza barabara ilipanuliwa, ikamwagwa lami nyeusi tii, na magari yaliyokuwa yakipita kwa kunyata kati ya mashimo yakaanza kupita kama yamefukuzwa. Halafu wakaja watu wenye kofia ngumu, wakachimbia nguzo upande wa bondeni, wakafunga juu yake vyuma vipana vyenye mikunjo, vinang'aa kama sufuria mpya. Mama Spana alitoka na kigoda chake akawatazama kutwa nzima. Walipofika mbele ya dirisha la chumba chake aliwapelekea maji ya kunywa, akasimama karibu nao, akakigusa chuma kwa kiganja kama mtu anayepapasa shingo ya ng'ombe aliyemnunua. Tangu mazishi, hiyo ndiyo mara ya kwanza kupata usingizi bila kusikiliza breki.

Shida ni kwamba watu wale hawakukomea konani. Walifunga vyuma kutoka darajani mpaka sokoni, urefu wa kijiji kizima, bila kuacha hata upenyo wa mbuzi. Aliyetaka kisima sharti aende mpaka sokoni ndipo azunguke, au aruke.

Watu waliruka. Watoto walipita chini kama panya, hao hawakuwa na taabu. Lakini kwa mtu mzima chuma kilifika mapajani. Mwanamke alishusha ndoo, akaiweka upande wa pili, akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akainua mguu, na wakati huohuo madereva wanapiga honi na utingo wanatoa vichwa madirishani. Bibi mwenye wajukuu ainue paja mbele ya utingo! Ng'ombe hawakuweza kuruka kabisa. Na yule bwana wa mkokoteni wa mazao, ambaye naye aliitwa Mkokoteni tu, alilazimika kuusukuma ukingoni mwa lami mpaka sokoni, chuma ubavu huu, malori ubavu ule. Siku moja basi lilimbana. Mkokoteni ulisagika, yeye akapona kwa kujilaza juu ya chuma kama nguo iliyoanikwa.

"Chuma hiki kinamlinda dereva asianguke," alisema mkutanoni, mkono bado una bandeji. "Sisi kinatuzuia tusikimbie. Zamani lori likija vibaya nilijitupa bondeni. Sasa nijitupe wapi, mbinguni?"

Darasa zima liligonga madawati.

"Muulizeni aliyeviomba," mtu akasema kule nyuma.

Vichwa vikageuka, na cha kwanza kugeuka kilikuwa cha wifi yake. Huyu alikuwa dada wa marehemu fundi, mama wa mwili, mwenye sauti ya kumwitia mtu ng'ambo ya bonde. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya wazazi upande wa juu, wanawe wametawanyika kutafuta maisha. Yeye na Mama Spana walikuwa chanda na pete, wakisukana nywele, wakinuniana kwa sababu ya chumvi, wakipatana kabla chakula hakijapoa.

"Wifi, simama useme," alisema. "Uliomba chuma cha kona, au uliomba zizi?"

"Niliomba cha kona."

"Basi wametufuga wote."

Mama Spana alingoja vicheko viishe. "Tujenge ngazi," alisema. "Za mbao, pana, huku na huku, mtu apande ashuke na ndoo yake kichwani. Hakuna kuinua paja. Mbao zipo. Kesho jioni kazi imekwisha."

Mwenyekiti, ambaye alipenda kuwachekesha watu kuliko kuwaongoza, akadakia, "Ngazi ni ya kuku, ya kupandia bandani."

Watu wakavunjika mbavu. Mtu mmoja akawika kabisa.

Mkokoteni hakucheka. "Tukijenga ngazi tumekwisha," alisema. "Wakubwa watapita na gari lao, wataona ngazi, watasema hawa wamezoea. Njia hatutaipata mpaka tufe. Mimi sijengi, na atakayejenga nitakuja kuing'oa kwa mikono yangu hii."

"Na mimi sipandi," wifi akadakia. "Nimechota maji kisima kile tangu sina meno ya mbele, leo niende kwa ngazi kama kuku?"

Likapita hilo: hakuna ngazi. Walikubaliana kwamba kule kuruka kwa taabu, mbele ya macho ya kila mpita njia, ndiko kutakuwa kelele yao. Taabu ikionekana kila siku, wakubwa wataona haya. Hawakuona. Injinia wa barabara alikuja mara moja tu, akashuka garini, akamtazama bibi mmoja akihangaika na mguu wake, akageuza uso kwa adabu, akasema upenyo utafikiriwa, akapanda gari lake.

Ndipo wakakumbuka spana. Bolti za vyuma vile zilikuwa nene, na kijijini hapakuwa na kifaa cha kuzishika isipokuwa kile kikubwa cha marehemu fundi, kinachojibana kwa ukubwa wowote, ambacho mafundi wote hukiita spana malaya kwa kuwa hakikatai nati. Mama Spana, kwa heshima zake, alikiita "ile nyingine". Mwenyekiti alikwenda kuiazima kwa maneno matamu, akanyimwa. Mkokoteni alikwenda bila maneno matamu, naye akanyimwa. Mwisho wakaenda wazee wenyewe, wamevaa makoti juani.

"Mnataka kufungua wapi?" aliwauliza.

"Palepale njia inapopita, mama."

"Njia inapita mbele ya dirisha langu."

"Ndiyo hapo."

"Hapo ndipo ulipoingia mchanga," alisema, akainamia karai lake la kutafutia pancha.

Walimpa kisogo. Baiskeli zikaanza kupelekwa kwa fundi wa sokoni, ambaye ukimpa baiskeli nzima alikurudishia na nati mbili za ziada mkononi bila kujua zimetoka wapi. Mama Spana akifika kisimani mazungumzo yalikatika. "Mpisheni mwenye chuma chake," mmoja alisema, na kweli wakampisha, kila mmoja akivuta ndoo yake kana kwamba anapitisha ugonjwa. Nyumba yake ilikuwa upande uleule wa kisima, yeye hakuwa na haja ya kuruka kitu. Hilo ndilo lililowachoma zaidi.

Ni wifi peke yake aliyeendelea kuja. Aliruka chuma kwa matusi, akafika kibandani jasho linamtiririka.

"Nimekuja kukusema, sikuja kukuamkia," alianza kila mara, halafu akakaa mpaka jua likaanza kwenda.

Asubuhi moja ya mvua, chuma kimelowa, wifi aliteleza. Aliangukia upande wa bondeni, ndoo juu yake, na mfupa wa paja ukavunjika. Mama Spana aliusikia akiwa kibandani, akadhani ni tawi. Wanaume walipombeba kumpeleka garini iliwabidi wampitishe juu ya chuma kwa kukabidhiana kama gunia, na ile sauti yake ilisikika mpaka shuleni. Hospitali walimfunga plasta kuanzia unyayo hadi kiunoni, wakasema alale, asikanyage.

Nani amuuguze? Mama Spana hakumuuliza mtu. Alimleta kwake, akampa kitanda chake mwenyewe, kwenye chumba cha mbele, dirishani.

"Na hapa nje una chuma," alimwambia akimwekea mto. "Kijiji kizima hakuna chumba salama kama hiki."

"Kimenivunja mguu, sasa kinanilinda," wifi alisema. "Kama mume wangu wa kwanza vile."

Walicheka mpaka wakashikana mikono. Lakini kicheko hakikukaa. Watu hawakuja kumjulia hali mgonjwa. Kuja ilikuwa lazima waruke, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Spana. Wifi alilala ametazama dirisha, akaona mgongo wa chuma na, juu yake, vichwa vya watu vikipita barabarani bila kugeuka. Mtu aliyezoea kuongea na kijiji kizima akabaki kuongea na ukuta. Chakula akawa anakigusa na kukisukuma. Uso ukamshuka.

"Wifi," alisema asubuhi moja, kwa sauti ndogo ambayo Mama Spana hakuwahi kuisikia kinywani mwake. "Kaka yangu nilimlilia sawasawa na wewe. Hunizidi kwa hilo."

"Sijasema nakuzidi."

"Basi fungua. Unalinda chumba alichokwisha kutoka."

Mama Spana alikwenda kibandani akaketi, spana mapajani. Mbele ya dirisha roho yake ilikataa katakata. Lakini macho yake yalipofuata chuma taratibu aliona kitu. Mbele kidogo, ukishapita kibanda, kona ilianza kunyooka. Kipande cha pale kikitolewa, dirisha lingebaki na chuma chake, na watu wangeweza kupita katikati ya ua wake, kando ya karai, wakaungane na njia kule chini. Angetoa ua. Angetoa na kamba ya kuanikia nguo. Wao wapate njia, mgonjwa apate watu, naye abaki na chuma chake. Aliona amepata jibu la kuwatosha wote, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatabasamu peke yake.

Alifungua mchana, mambo ya kujificha hakuyataka. Mkokoteni alisimama upande wa juu kuangalia magari ya wakubwa, na wanawake wakapanga mstari ukingoni wakijifanya wanangoja usafiri. Nati zilikuwa ngumu, zimefungwa na watu wenye nguvu, lakini ile nyingine ilizishika moja baada ya moja.

"Isifuni kwa jina lake!" wifi akapaza sauti dirishani. "Hata moja haikatai!"

Wazee wenye makoti waliinamisha nyuso wasionekane wakicheka. Bolti alizitia kwenye kopo la rangi, akaliweka rafuni. Chuma chenyewe kilichukuliwa mabegani, kikateremshwa bondeni, kikalazwa juu ya tope la kisimani kiwe daraja, na kikafaa kuliko ubao wowote.

Siku zile zilikuwa nzuri, tusiseme uongo. Watu walipita uani kwa Mama Spana, ndoo kichwani, migongo imenyooka, na kila mmoja alisimama dirishani. Wifi alirudiwa na sauti yake. Alijua nani kagombana na nani, akawapatanisha akiwa amelala chali. Baiskeli zilirudi kibandani, nyingine zikiwa na nati za fundi wa sokoni zilizofungwa kinyume. Mkokoteni alipita na mkokoteni wake mpya, akaguna "asante" bila kumtazama usoni, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Lori lilikuja alasiri moja, limebeba saruji. Mama Spana alikuwa amekwenda sokoni kununua solushen ya kubandikia viraka. Alisikia honi ndefu, halafu kishindo, halafu kimya ambacho alikifahamu. Alikimbia lami yote ile. Mtandio ulimwanguka, hakurudi kuuokota.

Chuma cha mbele ya dirisha hakikuwa kimekatika wala kutoboka. Kilikuwa kimelala chini, kizima, kimejinyoosha majanini kama mkanda uliovuliwa kwenye suruali. Kichwa cha lori kilikuwa chumbani. Dereva, mtu wa makamo mwenye mvi kidogo, alikuwa ameketi chini kando ya karai, damu inamtoka puani, na kila aliyemkaribia alimwambia maneno yaleyale.

"Nilikiegemea. Nilijua kitanirudisha barabarani. Nilikiegemea tu."

Hakuna aliyemwinulia mkono. Walifukua matofali na mifuko iliyopasuka kwa majembe, kisha kwa mikono. Walipomtoa wifi alikuwa mweupe pe kwa saruji, uso na nywele. Plasta yake ilikuwa nzima, haina hata ufa.

Safari hii injinia hakuchelewa. Alisimama mbele ya shimo la ukuta, watu wamemzunguka, akaeleza bila kupandisha sauti. Vyuma hivi, alisema, kimoja peke yake hakina nguvu. Vinashikana. Gari likigonga hapa, vya huku na vya kule ndivyo vinavyolivuta. Ukitoa kimoja katikati, cha jirani yake kinakosa cha kukishika, kinalala.

Mama Spana alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuhitaji kurudiwa. Maisha yake yote alikuwa akifunga cheni za baiskeli, na hata mtoto angemwambia kwamba cheni ikikosa pini moja si cheni tena. Alikuwa na cheni mbili zimening'inia kibandani siku ileile aliyofungua. Alizipita akienda.

"Nani alifungua?" injinia aliuliza.

Watu wale, ambao hawakuwahi kukosa la kusema, wakatazama viatu vyao. Mama Spana alisimama palepale, mikono imelegea, grisi kwenye kucha. Injinia aliitazama ile mikono. Akavua kofia yake, akaikunguta vumbi, akaivaa tena, akaenda zake.

Baada ya mazishi mafundi wa barabara walikuja na bolti mpya. Walikifuata kipande kisimani, wakakiosha tope na nyayo, wakakirudisha mahali pake. Upenyo haukuachwa, na hakuna aliyeitisha mkutano. Watu wakaruka kama zamani, kimyakimya, na honi za madereva hazikupata hata tusi moja la kuzijibu. Mama Spana alijengewa ukuta na wakwe zake. Kitanda alikihamishia chumba cha nyuma. Lile kopo la bolti lilibaki rafuni, hakuweza kulitupa, na hakuweza kulishika.

Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, Mkokoteni alifika kibandani, mbao begani.

"Hodi, mama."

"Karibu."

"Mbao ninazo. Bolti sina."

"Bolti za nini?"

Akashusha mbao begani. "Za ngazi."

Neno lile halikumchekesha mtu. Mama Spana aliinuka, akalitoa kopo rafuni, akalifuta vumbi kwa pindo la gauni, akachukua na ile nyingine. Walijenga wote wawili, huku na huku, vidato vipana vya kutosha mguu wa mtu mwenye mzigo. Jambo alilolishikilia lilikuwa moja tu: ngazi isifungwe kwenye chuma, isikiguse hata kidogo, isimame kwa miguu yake yenyewe. Mkokoteni akitaka kuegemeza ubao hapa au pale, aliuondoa bila kusema kitu. Mwenyekiti alipita, akasimama, akafungua mdomo, akaufunga. Wanawake walikuwa wamekwisha kukusanyika na ndoo zao, wanangoja, na lori lililopita lilizipeperusha nguo zao zote upande mmoja.

Mkokoteni alikuwa amepiga magoti, kichwa kipo chini ya kidato cha mwisho. "Ulisema mapema," alisema humo chini. "Ulisema, mama, na mimi nikaapa nitaing'oa."

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kuomba spana.

Mama Spana aliutazama ule mkono. Ulibaki palepale, ukingoja. Kisha akaitia spana kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Kaza," alisema. "Watu wanataka maji."